Mwenye hisa nyingi ndiye anashika usukani

Asanteni sana ndugu zangu. Mi naanza na Bamburi, kampuni ya simiti ya Kenya, maana hapa nani hajawahi kubeba mfuko wa simiti ya Nguvu? Mpaka 2024 Holcim, kampuni kubwa ya simiti ya Uswisi, walikuwa na asilimia 58.6 ya hisa. Sasa kwenye mkutano mkuu kura zinahesabiwa kwa hisa si kwa vichwa, na wakurugenzi wanapitishwa kwa zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo mwenye 58.6 ndo anaipanga bodi, bodi inaajiri sii-ii-oo, yaani mkurugenzi mtendaji, na sii-ii-oo anajua fika aliyemweka pale. Mwenye hisa hata kumpigia simu si lazima.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Holcim wakaamua kupunguza shughuli zao Afrika, basi Hima, kampuni ya simiti ya Uganda, ikauzwa, zile asilimia 70 za Bamburi kwa dola milioni 84, Mbeya wanakotengeneza simiti ya Tembo wakaiuzia kampuni ya Amsons ya Tanzania, halafu Julai 2024 Amsons haohao wakaleta ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi, kampuni nyingine, Savannah, wakaja na 70, baadaye wakajitoa, na Desemba Amsons wakaichukua. Meneja angekuwa hodari kiasi gani, uamuzi wa kubaki ama kuondoka haukuwa mezani kwake.

Sisemi mkubwa ni mbaya, jamani. Mwenye hisa 500 hana nauli ya kwenda kukagua tanuri, mkubwa anatuma mhasibu na injinia, na meneja mzembe anatolewa mapema.

Ila niliwahi kukaa kwenye mkutano wa kampuni moja ya ujenzi, mzee mmoja akasimama, ripoti ya mwaka ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu, akauliza mbona tunakodi mitambo kwa kampuni ya huyohuyo mwenye hisa nyingi na gawio linashuka kila mwaka. Ukumbi mzima makofi. Kura ya huo mkataba ikapigwa, dakika mbili imepita kwa hisa za mkubwa, mzee akakunja ripoti yake akaiweka kwenye mfuko wa koti.

Ile kura iliniuma mpaka leo. Mkubwa achague bodi, sawa, ni pesa yake, lakini dili ikiwa kati ya kampuni na yeye mwenyewe akae pembeni, wapige wale wengine peke yao. Haya, dada pale nyuma, nimeona mkono wako, karibu maiki.