Baridi Waliivumilia, Njaa Hawakuivumilia: Kambi ya Morristown, 1779–1780

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Salim kama kawaida. Leo tunakwenda New Jersey, Marekani, Desemba ya mwaka 1779. Vita vya kuwaondoa Waingereza vimeingia mwaka wa tano, na jeshi la George Washington linatafuta mahali pa kujisitiri mpaka theluji iyeyuke.

SALIM: Ahsante dada Rehema. Ikitajwa baridi ya vita vile, watu wengi hukumbuka kambi ya Valley Forge, miaka miwili kabla ya hapo. Ndiyo iliyopata jina. Lakini baridi kali kuliko zote ilikuwa hii ya Morristown, kwenye vilima vya Jockey Hollow. Mwaka ule bandari ya New York iliganda.

REHEMA: Bahari yenyewe, kaka?

SALIM: Maji ya chumvi yaliganda. Waingereza waliokuwa wameushika mji wa New York walivusha mpaka mizinga juu ya barafu, kutoka Manhattan hadi Staten Island.

REHEMA: Kwa nini jeshi zima likae tu miezi na miezi?

SALIM: Farasi hawana majani, barabara ni tope na theluji, mizinga haivutiki. Pande zote mbili zilisimamisha mapigano makubwa, kila mmoja akajichimbia kwake. Na Morristown ilifaa: ipo nyuma ya vilima vya Watchung, kama kilomita 50 kutoka New York, kwa hiyo unamwona adui akija kabla hajakufikia.

REHEMA: Basi hebu tuanze na askari mwenyewe, siku anafika pale. Anakuta nini?

SALIM: Anakuta msitu. Hakuna kambi. Kuna miti, na yeye na wenzake 11 wanapewa shoka wajijengee. Kibanda kimoja ni watu 12, ukubwa kama futi 14 kwa 16. Magogo yanachongwa mapengo kwenye ncha ili yashikane pembeni, nyufa zinazibwa kwa udongo, mwishoni kuna meko na dohani. Ndani wanapanga vitanda vya mbao kwa ghorofa. Na amri ilikuwa kali: kibanda kikitoka kwenye mstari kinabomolewa na kujengwa upya.

REHEMA: Wanabomoa nyumba ya mtu anayetetemeka kwa sababu ya mstari!

SALIM: Na mstari huo, nitaeleza baadaye, uliokoa roho za watu. Vilijengwa vibanda zaidi ya 1,000 kwa watu wapatao 10,000. Vya askari wa kawaida vilitangulia, vya maofisa vikafuata. Kwa hiyo tufani kubwa ya theluji ilipopiga mwanzoni mwa Januari 1780, maofisa wengi walikuwa bado kwenye mahema. Daktari wa jeshi, James Thacher, aliandika katika shajara yake kwamba mahema yalichanika na kuwaangukia waliolala, na wengine walifukiwa na theluji kama kondoo. Ilipotulia, theluji ilikuwa na kina cha futi nne hadi sita.

REHEMA: Mtu mrefu anazama.

SALIM: Anazama kabisa. Na ndipo lilipokuja tatizo lililowaumiza kuliko baridi. Theluji ya futi sita maana yake magari ya unga hayapiti. Kwa kanuni, kila askari alistahili ratli moja ya nyama na ratli moja ya mkate au unga kwa siku. Kwenye karatasi. Kulikuwa na kijana kutoka Connecticut, Joseph Plumb Martin, aliyeingia jeshini akiwa na miaka 15. Uzeeni aliandika kumbukumbu zake. Anasema majira yale alikaa siku nne, mchana na usiku, bila kitu kinywani ila gome la mti alilolitafuna kutoka kwenye kijiti. Aliona wenzake wakichoma viatu vyao vikuukuu na kuvila.

REHEMA: Subiri kidogo kaka. Viatu ndivyo vitu vya mwisho kuviacha kwenye theluji. Mtu anayekula kiatu chake ameshaacha kufikiria kesho.

SALIM: Ndiyo. Washington mwenyewe alisema kuna wakati askari walikula kila aina ya chakula cha farasi isipokuwa nyasi kavu.

REHEMA: Na yeye Washington alikuwa akiishi wapi?

SALIM: Kwenye nyumba kubwa ya mjane, Bibi Theodosia Ford, pale mjini. Mjane yule na watoto wake wanne walibaki na vyumba viwili. Lakini hata huko, Januari Washington aliandika akilalamika kwamba watu wake 18 pamoja na wa nyumba ya Bibi Ford wote wamejibana katika jiko lake moja, na karibu wote mafua yamewakausha sauti. Miongoni mwa watu wa Washington alikuwamo William Lee, mtumwa wake, aliyemtumikia vita vyote. Alipewa uhuru kwa wosia wa Washington, mwaka 1799.

REHEMA: Tusipite haraka hapo. Jeshi linapigania uhuru, na kamanda ana mtumwa wa kumhudumia.

SALIM: Na askari weusi walikuwamo vikosini. Kwenye vikosi vya Connecticut walilala mahali pamoja na weupe na kupigana bega kwa bega nao. Baadhi walijiunga kwa ahadi ya kuachwa huru.

REHEMA: Tuje kwenye vifo. Theluji futi sita, watu wanakula viatu. Nilitarajia makaburi mengi kuliko Valley Forge, lakini sivyo. Valley Forge walikufa karibu watu 2,000. Morristown ni kama 100. Baridi ni kali zaidi, njaa ni ileile, na vifo ni sehemu ndogo sana. Nieleze.

SALIM: Kwa sababu baridi haikuwa muuaji mkuu. Valley Forge watu waliuawa na homa ya matumbo, homa ya chawa, kuhara damu. Na wengi walikufa kuanzia Machi, jua lilipoanza kuwaka na uchafu wa miezi ukaanza kuoza. Kule watu walikojoa popote, mizoga ya farasi ikaachwa. Kufika Morristown, jeshi lilishajifunza. Baron von Steuben, yule ofisa wa Prussia aliyewafundisha kwata Valley Forge, alikuwa ameandika kanuni za jeshi zilizochapishwa 1779, na ndani yake kuna mpangilio wa kambi: majiko mahali pake, vyoo vya shimo mbali, vifukiwe na kuchimbwa vipya. Ndiyo ile mistari niliyokwambia. Vibanda juu ya mteremko, maji yanatiririka, hewa inapita.

REHEMA: Na wanawake tusiwasahau. Wake za askari walikuwamo kambini, wakifua na kuuguza wagonjwa. Nguo iliyofuliwa ina chawa wachache, na chawa ndio walioeneza homa ile.

SALIM: Kweli kabisa, dada. Halafu kuna ndui. Mwaka 1777, jeshi likiwa hapohapo Morristown mara ya kwanza, Washington aliamuru askari wachanjwe. Yeye aliugua ndui Barbados mwaka 1751, aliijua. Chanjo ya wakati ule ilikuwa kuchukua usaha wa mgonjwa na kuutia kwenye mkato wa ngozi ya mtu mwenye afya. Unaugua kidogo, wachache wanakufa, wengine hawaupati tena.

REHEMA: Nami hapa nina la kuongeza, maana linanigusa. Huko Boston maarifa hayo yaliingia kwa kinywa cha Mwafrika. Mtumwa aliyeitwa Onesimus alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao Afrika alichanjwa namna hiyo. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather akawasukuma madaktari wajaribu, na daktari mmoja, Zabdiel Boylston, akakubali. Nataka kila msikilizaji alijue jina la Onesimus.

SALIM: Nakuunga mkono.

REHEMA: Sasa njaa. New Jersey ni nchi ya wakulima. Ng'ombe wapo, ngano ipo. Kwa nini askari ale kiatu?

SALIM: Theluji ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni pesa. Bunge la makoloni lilikuwa likichapa noti bila mamlaka ya kutoza kodi. Machi 1780 lenyewe likakubali kwamba dola 40 za noti zihesabiwe sawa na dola moja ya sarafu ya fedha. Mkulima gani atakupa ng'ombe kwa karatasi hizo? Januari Washington aliziandikia wilaya za New Jersey, kila moja na kiwango chake cha ng'ombe na nafaka, na maofisa wakaagizwa kwamba pasipotolewa kwa hiari patachukuliwa kwa nguvu. Wilaya zikaleta. Alikiri kwamba juhudi zao ndizo zilizolizuia jeshi lisisambaratike.

REHEMA: Kwa hiyo chakula kilikuwa jirani tu.

SALIM: Jirani kabisa. Ndiyo maana siwezi kusema njaa ile ilikuwa kazi ya Mungu. Na askari waliliona hilo. Angalia tarehe waliyoasi: Mei 25, 1780. Theluji imekwisha, miti ina majani. Walikuwa hawajalipwa miezi mitano, na nyama imekatika siku kadhaa tena. Jioni vikosi viwili vya Connecticut vikajipanga na bunduki zao bila amri. Kanali Meigs, ambaye askari walimpenda, alijaribu kuwazuia akachomwa singe. Hakufa. Usiku ule walirudi vibandani, na Martin anasema baada ya hapo chakula kilikuja haraka.

REHEMA: Walilazimika kushika bunduki ili wale.

SALIM: Na Januari 1, 1781, palepale Jockey Hollow, vikosi vya Pennsylvania vikaasi, zaidi ya watu 1,000, wakaandamana kuelekea Philadelphia kudai mishahara. Serikali yao ikakaa nao mezani. Karibu nusu waliruhusiwa kuondoka jeshini.

REHEMA: Na yule kijana wa gome la mti?

SALIM: Martin alipigana mpaka mwisho, akaenda kulima Maine. Ardhi aliyoisafisha ikadaiwa na Henry Knox, jenerali wa mizinga wa jeshi lilelile, akaamriwa amlipe Knox. Hakuweza. Mwaka 1818 akapata pensheni ya dola 96 kwa mwaka, na ili aendelee kuipata ilibidi aape kwamba ni maskini. Kwenye kiapo cha 1820 aliorodhesha mali yake: ng'ombe wawili, kondoo sita, nguruwe mmoja.