Taa Zisipowaka: Mafundi wa Jukwaani Wanapogoma

HALIMA: Hamjambo wasikilizaji wetu, mliokwama kwenye matatu Thika Road na mlio jikoni mnasonga ugali. Mimi ni Halima, niko na kaka yangu Otieno, ambaye kabla ya kushika maikrofoni alifanya kazi nyuma ya pazia. Kaka, karibu.

OTIENO: Asante dada. Miaka sita nilibeba ngazi na kufunga taa, kwa hiyo mada ya leo inanigusa.

HALIMA: Mada yenyewe ni mgomo. Wa madaktari tunaujua, ule wa siku 100 ulioishia Machi 2017. Leo ni mgomo wa mafundi wa jukwaani. Nikuulize kama mtazamaji wa kawaida: wao wakigoma, kwani waigizaji hawawezi kupanda jukwaani wakaigiza tu?

OTIENO: Maneno yao wanaweza kuyasema. Lakini hebu fikiria onyesho la kwanza limekwisha, taa zimezimwa, ukumbi ni giza totoro. Wewe kwenye kiti unasikia muziki kidogo. Sisi watu wanne, tumevaa nyeusi, tunatoa kitanda na kabati, tunaingiza meza ya chifu na viti vitatu. Kila mguu wa meza una alama yake ya utepe sakafuni. Nahesabu moyoni moja hadi kumi na mbili, na nikifika kumi na mbili taa zinawaka. Mguu wa kiti ukiwa nje ya alama, mwigizaji anajikwaa mbele ya watu mia tatu.

HALIMA: Na huko juu?

OTIENO: Huko juu ndiko kwenye hatari. Kila taa inafungwa kwenye bomba kwa kibano, halafu unaipitishia mnyororo wa usalama, ili kibano kikiachia isimwangukie mtu kichwani. Hiyo si kazi ya kumpa mpitanjia.

HALIMA: Sasa twende New York, maana mgomo uliotufikisha hapa ni ule wa 2007 wa Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya michezo ya kuigiza.

OTIENO: Novemba 10, siku ya Jumamosi. Mafundi wa Local One, chama kilichokuwepo tangu 1886, waliweka chini vifaa. Mkataba wao ulikuwa umekwisha tangu Julai. Ugomvi ulihusu idadi: mchezo mpya unapopangwa jukwaani, waitwe mafundi wangapi, na walipwe kwa muda gani. Wenye majumba walisema wanalazimika kulipa watu wanaokaa bure. Mafundi wakajibu kwamba kazi yao haina uhakika, leo ipo kesho haipo, na hiyo idadi ndiyo ngao yao.

HALIMA: Wewe uko upande gani?

OTIENO: Upande wa mafundi, na sifichi. Hoja ya wenye majumba naielewa, hakuna apendaye kulipia mikono iliyokunjwa. Lakini idadi ikipunguzwa, wa kwanza kulipa ni mgongo wa anayebaki. Nimewahi kuteremsha mandhari ya mbao tukiwa wawili badala ya watano. Bega langu hadi leo linanikumbusha mvua ikikaribia.

HALIMA: Pole sana, kaka. Mimi namfikiria mtazamaji. Asubuhi ile ya kwanza kulikuwa na mchezo wa watoto wa Krismasi. Watoto wamevalishwa vizuri, wamefika mlangoni, hakuna mchezo. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

OTIENO: Nyasi ziliumia kweli. Majumba mengi ya Broadway yalifungwa siku 19, na mkaguzi wa hesabu wa jiji alikadiria hasara ya dola milioni 2 kila siku, maana mikahawa na hoteli zinakula kwa mgongo wa michezo. Lakini huo mchezo wa watoto una kisa chake. Baadaye mafundi walikuwa tayari kuufanyia kazi, mwenye jumba ndiye aliyekataa kufungua, hadi jaji akamwamuru. Kwa hiyo mlango ukifungwa, usikimbilie kumlaumu aliyebeba bango.

HALIMA: Hilo sikulijua. Na waigizaji?

OTIENO: Waliwaunga mkono, hawakuvuka mstari wa waliogoma kuingia kazini. Majumba machache tu yaliendelea, yale yenye mikataba ya peke yake.

HALIMA: Na pesa za tiketi zilirudishwa, au ukabadilishiwa siku. Ila nauli, chumba cha hoteli, ruhusa uliyoomba kazini, hivyo havirudi. Sasa tuje nyumbani. Nakumbuka wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi kutazama vitabu teule vikiigizwa kabla ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Mtoto ametoka kijijini saa kumi alfajiri, shule imelipa, akute Ukumbi wa Taifa wa Michezo umefungwa! Huyo hana Jumamosi nyingine.

OTIENO: Kweli, na huyo ananiuma kuliko mtalii wa New York. Lakini Nairobi mgomo wa namna ile ni mgumu kutokea, na sababu yake inasikitisha. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mzozo upitie upatanishi, kisha notisi ya maandishi ya siku saba. Sasa mimi nilikuwa kibarua. Napigiwa simu Alhamisi, nafanya kazi hadi Jumapili usiku, nalipwa kwa M-Pesa. Hiyo notisi ya siku saba nimpe nani, wakati kazi yenyewe ni ya siku nne?

HALIMA: Na ukilalamika?

OTIENO: Simu haipigwi tena. Kuna mtayarishaji mmoja alikaa na malipo yetu wiki tano. Hatukugoma. Kila mtu alinyamaza kivyake, akatafuta kazi ya harusi, kufunga mahema na spika. Mchezo uliofuata, taa zilifungwa na vijana wasiojua mnyororo ni wa nini.

HALIMA: Mimi nililipa tiketi nikakaa chini ya taa kama hizo, bila kujua.

OTIENO: Ulikaa, dada. Na mimi nilikuwa ukumbini siku moja kama hiyo, safu ya nne. Nilishindwa kutazama waigizaji. Mchezo mzima nilikuwa nimeinua macho, nikihesabu vibano.