Moshi Ule Ule, Wingu Jingine

Mabibi na mabwana, leo tuyaache mawingu ya radi. Nimekuja kuwazungumzia yale ya chini, yanayotanda kama shuka juu ya bahari. Huitwa mawingu ya joto kwa sababu hayana barafu ndani: ni matone ya maji tu.

Tone hilo haliundiki hivi hivi. Mvuke hutafuta pa kushika: chembe ya chumvi, ya moshi, ya salfa. Mwaka 1875 Mfaransa Coulier alilionyesha kwa chupa. Hewa ya kawaida ilifanya ukungu, iliyochujwa haikufanya.

Sasa chukueni maji yale yale ya wingu, muyagawe kwa chembe mara nane zaidi. Upana wa kila tone utapungua kwa nusu, lakini nyuso za matone yote zikijumlishwa zitakuwa maradufu. Wingu huwa jeupe zaidi, likarudisha mwanga mwingi zaidi wa jua. Mwanasayansi wa mawingu Twomey aliifafanua hesabu hii miaka ya 1970, na setilaiti zilikuwa zimekwisha kuona mistari myeupe mawinguni, nyuma ya meli zinazotoa moshi.

Wengi huishia hapo. Mimi nawasihi tusiishie hapo, kwa kuwa hali ya hewa nayo ina neno lake. Matone madogo hayaungani upesi, hivyo manyunyu hukawia na wingu hubaki na maji yake. Hilo ni kweli pale hewa iliyo juu ya wingu ikiwa na unyevu. Ikiwa kavu, huchanganyika na kilele cha wingu, na matone madogo ndiyo yanayokauka haraka zaidi, wingu likakonda. Moshi ni ule ule!

Tena upepo unaoleta moshi kutoka nchi kavu mara nyingi huja na hewa kavu hiyo hiyo. Ukiona wingu limekonda, utamlaumu nani?

Ndiyo maana nathamini sana matukio ambayo ni chembe tu zinazobadilika. Volkano ya Holuhraun, Aislandi, ilipomwaga salfa mwaka 2014, matone yalipungua ukubwa, ila kiasi cha maji mawinguni hakikubadilika sana. Na tangu Januari 2020, kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilipoteremshwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, ile mistari myeupe baharini imepungua mno.