Kabla ya Kupanda, Piga Hesabu

Ndugu zangu, habari za mchana. Leo tunazungumzia metali zenye sumu kwenye udongo wetu, na jinsi mimea na vijidudu vinavyoweza kusaidia. Chanzo cha uchafu huu nitakiruka, maana mnaoishi Dar mnakijua: betri chakavu zinavunjwa uani, rangi za zamani zinakwanguliwa, Msimbazi unafurika na kutuachia tope lake bustanini. Petroli yenye risasi iliondoka sokoni kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyotua kando ya barabara miaka yote ile ipo palepale ilipoangukia. Risasi haiozi, na kadimi, metali nyingine yenye sumu, haiozi. Oili ikimwagika, bakteria wataila hata kama itawachukua miaka. Metali hailiwi na mdudu yeyote. Ama utaihamisha, ama utaifunga ilipo. Hakuna njia ya tatu.

Sasa kila mara nasikia: "Tupande alizeti, itafyonza sumu yote." Nauliza, umepiga hesabu? Kimya. Basi leo tunaipiga pamoja, na naomba kila mmoja ashike kalamu.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hizo ni mita za mraba 400. Udongo wa juu tunaoushughulikia ni sentimita 20, kwa hiyo una mita za ujazo 80. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na robo hivi, kwa hiyo kiwanja kina tani 100, yaani kilo 100,000. Maabara imekwambia kuna risasi miligramu 600 kwa kila kilo. Zidisha: una kilo 60 za risasi chini ya miguu yako. Unataka ishuke mpaka miligramu 200. Lazima utoe kilo 40. Mpaka hapo tuko pamoja?

Haya, alizeti. Imestawi vizuri sana, imekupa kilo moja ya majani na mashina makavu kwa kila mita ya mraba. Hizo ni kilo 400. Risasi iliyopanda mpaka juu kwenye shina na majani, nakupa kwa ukarimu, miligramu 100 kwa kilo. Kilo 400 mara miligramu 100 ni gramu 40. Gramu, si kilo. Ukivuna mara mbili kwa mwaka ni gramu 80. Kilo 40 ugawe kwa gramu 80 unapata miaka 500. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Mtu angeanza kupanda siku ile meli zao zilipotia nanga, akavuna masika na vuli bila kukosa, ndiyo kwanza angekuwa amemaliza kiwanja kimoja. Na nimekuwa mkarimu, kwa sababu mimea huchota kwanza ile metali iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo. Iliyobaki imeshikamana, na mavuno yanapungua kila mwaka.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kadimi. Kiwanja kilekile, kadimi miligramu 3 kwa kilo, unataka ishuke hadi 1. Unatakiwa kutoa gramu 200 tu. Mmea unaobeba miligramu 15 kwa kilo kavu unatoa gramu 6 kila mavuno, 12 kwa mwaka. Miaka 17. Hiyo ni ndefu, ila ni ya binadamu. Unaona tofauti? Kadimi inapanda kirahisi, risasi inang'ang'ania mzizini. Anayekuuzia mbegu za "kusafisha metali" bila kukuuliza ni metali gani, mwondoe mlangoni.

Najua kuna mtu pale nyuma ana swali la Chernobyl, kule Ukraine mtambo wa nyuklia ulikolipuka. Ni kweli, miaka ya 1990 alizeti ilitumika kule. Lakini ilielea bwawani juu ya maboya, mizizi ikining'inia majini, ikichota sesiamu na strontiamu, metali zenye mionzi, zilizoyeyuka. Maji yanauletea mzizi kila kitu. Udongo hauleti, unashikilia. Usihamishe mfano wa bwawa ukaupeleka bustanini.

Mwingine atasema kuna dawa, EDTA, ukiimwaga risasi inalegea na mmea unaibeba. Inalegea kweli. Halafu mvua ya masika inapiga, udongo wetu ni kichanga, maji ya chini hayako mbali, na jirani ana kisima. Umeitoa risasi sehemu iliyokuwa imetulia ukaipeleka kwenye ndoo ya maji ya watoto. Hapana. Kwa ardhi ya Dar mimi hapo sibishani tena.

Kwa hiyo kwa risasi kazi ya mmea ni kufunga: kufunika ardhi isitoe vumbi, na kuishika metali mzizini. Vumbi ndilo adui mkubwa. Mtoto anacheza uani, anaweka kidole mdomoni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ardhi iliyofunikwa na ukoka mnene haitimki.

Sasa vijidudu. Hapa watu wanachanganya mambo mpaka nachoka, kwa sababu wanasema "vijidudu" kana kwamba ni kitu kimoja. Vipo vinavyolegeza metali na vipo vinavyoifunga. Bakteria wengine, wakiwemo baadhi ya jamii ya Pseudomonas na Bacillus, hutoa asidi na viambata vya kukamata chuma, na pamoja na chuma hicho metali nyingine hulegea na kupanda. Hao wanafaa kama unavuna kadimi ukaiondoe. Kuvu ya mizizini, maikoriza, mara nyingi hufanya kinyume kwenye udongo uliochafuka sana: nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zinaishika metali kwenye kuta zake na kuizuia isipande, huku zikimletea mmea fosforasi na maji kutoka mbali. Hiyo ndiyo ya risasi. Ukikosea ukamwaga bakteria wa kulegeza mahali unapotaka kufunga, umeharibu kazi kwa fedha yako mwenyewe.

Na kuvu hii huna haja ya kuinunua. Nenda pembezoni mwa eneo lililochafuka, si katikati, mahali ambapo nyasi za zamani zimestawi. Ondoa takataka za juu, chimba sentimita 15, chukua udongo pamoja na vijimizizi, kiasi cha ndoo moja. Kwa nini pembezoni? Kwa sababu kuvu ya hapo imekwisha kuzoea metali, lakini udongo wenyewe haujabeba nyingi kiasi cha kuusambaza uchafu. Changanya ndoo moja ya udongo huo na ndoo tatu za mchanga wa mto uliochemshwa au kukaangwa kwenye debe mpaka mvuke ukome, ukapoa. Jaza ndoo zilizotobolewa chini. Panda mtama au mahindi, mbegu 5 kwa ndoo. Mwagilia maji ya bomba yaliyolala kwenye chombo kilicho wazi usiku kucha, klorini ipungue. Mbolea ya fosfati usiweke hata punje. Mmea wenye fosforasi tele hauna shida na kuvu, unaifungia mlango, na kosa hili la kuweka DAP, mbolea yenye fosfati, ndilo linaloua vitalu vingi kuliko yote.

Baada ya miezi 3 au 4 acha kumwagilia kwa siku 10 hivi. Mmea unanyauka, kuvu inahisi hatari na kutengeneza mbegu zake. Kata mashina, toa bonge la mizizi, ukatekate mizizi vipande vya sentimita moja, uchanganye na mchanga wake. Hicho ndicho kianzio chako cha kuvu. Kiweke kivulini, kwenye mfuko unaopitisha hewa, ukitumie ndani ya miezi michache. Konzi moja kwenye kila shimo, chini kabisa ambapo mzizi mpya utaigusa. Ukiinyunyiza juu ya ardhi jua litaimaliza.

Kuna mimea isiyopokea kuvu hii hata ukiisihi: kabichi, sukuma wiki, haradali na jamaa zao wote, na mchicha pia. Kwa hiyo ukisikia mtu amepanda haradali na maikoriza pamoja, hajaelewa anachofanya.

Kwa mmea wa kufunga, nyasi za vetiva. Mizizi yake inashuka mita 2 hadi 3, na zile za kupandikiza hazizai mbegu za kusambaa. Chukua mche wenye machipukizi 2 au 3, punguza majani yabaki sentimita 20, mizizi sentimita 5 mpaka 10. Panda mstari ukikatiza mteremko, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15. Ukiacha nafasi, maji ya mvua yatapita hapohapo na kuchimba mfereji. Kati ya mistari weka ukoka. Anza masika, Machi, au vuli, na mwezi wa kwanza mvua ikikatika umwagilie.

Kabla ya hayo yote, udongo uwekwe sawa. Mboji tabaka la sentimita 5, igeuzwe mpaka kina cha jembe. Lakini mboji yenyewe ipimwe, kwa sababu inayotokana na taka za mjini zilizochanganyika na betri za redio inakuletea kadimi uliyokuwa unaikimbia. pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa chini ya 6.5, chokaa gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, kisha upime tena baada ya miezi 2. Kichanga hakina mshipa wa kuhimili, ukizidisha mimea inakuwa ya njano. Unga wa mifupa unafunga risasi vizuri, ila una fosfati, na fosfati nimekwisha kuisema. Chagua moja: au mifupa kwenye sehemu zilizochafuka zaidi bila kutegemea kuvu, au kuvu kwenye sehemu zilizobaki.

Mama mmoja hapa mbele anaandika kuhusu mchicha. Sikiliza, mama. Risasi kwenye mchicha kwa sehemu kubwa iko nje, ni vumbi na tope lililoruka wakati wa mvua. Tandaza nyasi kavu chini ya mboga, osha majani mara mbili au tatu, imepungua sana. Kadimi iko ndani ya jani. Hata uioshe mpaka kesho haitoki. Na mchicha ni hodari wa kuichota, kwa hiyo bustani yenye kadimi isipandwe mboga za majani kabisa.

Sampuli: muda unakwenda, nasema kwa kifupi. Sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa nyoka, kina cha sentimita 20, ndoo ya plastiki na si ya bati, kwa sababu bati lina zinki na litakudanganya. Changanya, gawa mara nne, baki na nusu kilo, kausha kivulini, ipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro. Karibu na ukuta uliopakwa rangi ya zamani chukua sampuli ya peke yake.

Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, kwa mfano chini ya magogo ya nguzo yaliyolowekwa dawa, ina tabia tofauti kabisa: chokaa na fosfati huilegeza, usitumie. Kuna jamii ya kangaga, Pteris vittata, ambayo mwaka 2001 iligunduliwa kwamba inaibeba kwa wingi wa ajabu. Kromi ya rangi ya njano, ile ya viwanda vya kupaka chuma, bakteria wa samadi huigeuza kuwa ya aina isiyo kali. Hizo mbili zinahitaji siku yake.

Mavuno ya mimea ya kadimi: asipewe mbuzi, na hapa naomba vijana wanaouza majani ya ng'ombe kwa mafungu waambiwe waziwazi. Yasichomwe, kadimi inaondoka na moshi. Yasigeuzwe mboji. Kausha juu ya turubai, pima uzito, andika, funga kwenye viroba, na uwaulize wasimamizi wa mazingira wa serikali ni nani mwenye kibali cha kubeba taka hatarishi. Majani ya vetiva yanayokatwa, peleka sampuli moja maabara kila mwaka kabla ya kuyaruhusu kwenda popote. Na udongo uupime tena mwezi uleule uliopima mara ya kwanza, kwa sababu pH ya Aprili na pH ya Septemba si moja, nawe utadhani umefanikiwa kumbe ni mvua tu.