Bajaji ikipita nyuma ya semi, kamera inakumbuka nini?

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Pale Mafiati, Mbeya, jioni mnapajua, bajaji zimejaa na semi za Tunduma zinakatiza humohumo. Sasa funga kamera juu ya nguzo, bajaji tatu zinaingia nyuma ya semi, tatu zinatoka, ipi ni ipi?

Wengi wanakimbilia kununua kamera ya bei mbaya. Kamera haitoboi bati la semi hata uinunue milioni ngapi, shida hapa ni kukumbuka.

Iko hivi, kila fremu, yaani kila picha moja ya video, programu ya kufuatilia inachora boksi kwenye kila gari na kulipa namba yake, inakisia lile boksi la fremu iliyopita sasa litakuwa wapi, hiyo filta ya Kalman ya 1960, kongwe kuliko wazazi wa wengi humu, halafu inaoanisha makisio na maboksi mapya kwa njia ya Kihangari aliyoiandika Kuhn 1955. Changanya hivyo viwili unapata SORT, programu ya kufuatilia ya 2016. Nyepesi kweli ila haina subira, bajaji ikifichwa kidogo tu imeshafutwa, ikitokea upande wa pili inapewa namba mpya, na kama ulikuwa unahesabu magari ndo umeshapigwa.

Utasema basi isubiri fremu 30 hivi, kama DeepSORT, toleo lililoboreshwa la SORT, la 2017. Sawa, kamera ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni sekunde moja na kidogo, semi yenye shaba ya Zambia iko kwenye mlima inapita kwa sekunde moja? (Kicheko.) Na ukiongeza subira ndo balaa, filta inaamini bajaji iko na mwendo uleule kumbe dereva kasimama hukohuko nyuma anapakia mama na ndoo ya parachichi, semi inaondoka, makisio yameshafika Uyole.

DeepSORT inaangalia na sura, ila ilifundishwa kwa picha za waenda kwa miguu, na bajaji zetu nyie wenyewe mnazichanganya.

Iliyonikuna mimi ni ByteTrack, 2021. Bajaji haipotei ghafla, inaanza kuonekana nusu, alama ya uhakika wa programu kwamba hiyo ni bajaji inashuka toka 0.9 hadi 0.3, na zamani maboksi ya alama za chini yalikuwa yanatupwa. Wa ByteTrack wakasema msitupe, oanisha kwanza na ya alama za juu, makisio yaliyokosa wenza yajaribu na ya chini. Basi. Nyuma ya semi bado haioni, ila inachelewa kuipoteza na inawahi kuipata.

Nani ana video ya barabarani kwenye simu? Lete tuifungue hapa tuone namba zinavyorukaruka.