Zinjanthropus hakupimwa kwa kaboni

Nimeshasema mara nyingi, na leo nasema tena: lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliloliona mtafiti Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, umri wake haukupatikana kwa kaboni-14, ile kaboni inayooza iliyomo katika miili ya viumbe. Haiwezekani! Tusibishane kwa maneno, tupige hesabu hapa ubaoni.

Nusumaisha ya kaboni-14, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ni miaka 5,730. Gramu moja ya kaboni kutoka kwa mnyama aliyekufa leo ina atomu za kaboni-14 kama bilioni 60. Miaka 5,730 ikipita zinabaki bilioni 30. Ikipita mingine 5,730, bilioni 15. Hapa ndipo mtu hunyoosha mkono: "Mwalimu, nusu na nusu si zimeshaisha?" Hazijaisha. Unakata nusu ya kilichobaki, si nusu ya kile cha mwanzo. Una andazi, leo umekula nusu, kesho ukala nusu ya kile kipande. Bado robo unayo mkononi. Kata mara 10, umebaki na sehemu 1 kati ya 1,024, atomu kama milioni 58. Endelea kukata. Ukifika mara ya 36, yaani miaka kama 206,000, huna hata atomu moja ya kuitegemea. Na Zinjanthropus ana miaka kama milioni 1.75, nusumaisha zaidi ya 300! Hapo utapima nini?

Waliopima, Evernden na Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitumia potasiamu-40 iliyomo katika mwamba, na matokeo yakatoka 1961. Nusumaisha yake ni miaka bilioni 1.25. Mtasema hiyo nayo ni ndefu mno, miaka milioni 1.75 haitaonekana. Itaonekana. Potasiamu-40 ikioza, sehemu yake hugeuka gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Ukishapoa, kila agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Katika miaka hiyo milioni 1.75 imeoza atomu 1 tu ya potasiamu-40 kati ya 1,000 hivi, na sehemu kubwa imegeuka kalisiamu, lakini hiyo agoni chache inapimika kwa sababu mwanzo wake ulikuwa sifuri.

"Kwa hiyo walipima majivu ya volkano, si mfupa?" Ndiyo! Fuvu lililala katikati ya matabaka ya majivu. Majivu yakijulikana umri, na lenyewe limejulikana.

Nilitaka tufanye na iodini-131 ya hospitali, muda umekwisha. Nusumaisha yake siku 8. Kafanyeni nyumbani: baada ya siku 40 inabaki sehemu gani? Atakayeniletea sifuri, tutarudi naye kwenye andazi.