Meza Gani Hii Haikai Kikombe?

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, na huyo mnayemsikia anavuta kiti ni Mussa.

MUSSA: Kiti kile kile. Haya, anza na Mama, maana ule ujumbe wako wa sauti sikujua unacheka au unalia.

ZUHURA: Vyote viwili! Jumapili nilimpeleka Mama makumbusho, yeye na mjukuu wake. Katikati ya ukumbi kuna meza kubwa, uso wake wote ni skrini ya kugusa. Picha za mifupa ya wanyama wa kale zimetawanywa juu yake kama karata. Mtoto hakuuliza mtu. Akavuta fuvu upande wake, na mtoto mwingine, wala hatumjui, akalivuta upande wake. Fuvu likatanuka mpaka likajaa meza nzima. Wakatazamana, wakaangua kicheko. Mussa, simu haijawahi kunionyesha kitu kama kile.

MUSSA: Na Mama?

ZUHURA: Mama yuko ng'ambo ya meza, maandishi yote kwake yamepinduka. Akachoka kupinda shingo, akatua kikombe chake cha maji juu ya kioo.

MUSSA: Ehee!

ZUHURA: Meza ikadhani kikombe ni kidole. Mtoto akivuta picha, picha inazunguka kikombe kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mama akakitazama, akaniuliza, "Meza gani hii haikai kikombe?"

MUSSA: Mama kamaliza kipindi. Tufunge.

ZUHURA: Hatufungi. Wale waliozitengeneza walikiwazia kikombe tangu mwanzo. Microsoft walipoitangaza meza yao mwaka 2007, ile iliyoitwa Surface kabla jina halijapewa vishikwambi mwaka 2012...

MUSSA: Ikabidi meza iitwe PixelSense.

ZUHURA: Hiyo hiyo. Skrini ya inchi 30, na ndani yake projekta na kamera tano za infraredi zinazotazama juu. Mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, unapiga kitu kilicho juu ya kioo, unarudi, kamera zinaona umbo lake. Kwa hiyo inaona vitu, si vidole tu. Ukibandika alama ya vidoti chini ya kikombe, meza inajua hiki ni kikombe, na kikombe gani.

MUSSA: Kwa hiyo nikialika watu kumi, nibandike vikombe kumi?

ZUHURA: Mussa, bwana...

MUSSA: Nauliza kwa dhati! Meza ya mbao hainidai stika. Halafu ile iliyofuata, ya Samsung, ya inchi 40, wakaingiza vihisi ndani ya skrini yenyewe. Ikawa nyembamba, nzuri kuitazama. Lakini jua nalo lina infraredi, mwanga mkali ukiingia chumbani, meza inachanganyikiwa. Sasa haikai kikombe, na dirisha nalo haitaki.

ZUHURA: Hiyo ni kasoro ya kihisi, wazo lenyewe halina kosa.

MUSSA: Sawa, nikupe la wazo. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilinunua meza ya namna hiyo, ikawekwa chumba cha mikutano. Wiki ya kwanza kila mtu anachezea ramani. Wiki ya tatu, mafaili juu yake, chaja juu yake, viwiko juu yake. Mtu akiegemea tu, dirisha linafunguka. Mwisho tukaitandikia kitambaa. Unajua kwa nini? Meza kazi yake ni kubeba. Skrini kazi yake ni kubaki wazi. Huwezi kumwajiri mmoja kwa kazi mbili zinazogombana.

ZUHURA: Mlikuwa mnafanyia nini?

MUSSA: Majedwali ya bajeti.

ZUHURA: Basi! Jedwali ni kazi ya mtu mmoja na kibodi. Meza ni ya watu waliozunguka kitu kimoja. Pale Barcelona, chuo kikuu cha Pompeu Fabra, wametengeneza Reactable. Unaweka vibuyu... samahani, vipande vidogo, juu ya meza, ukikizungusha kimoja sauti inabadilika, ukikisogeza karibu na kingine vinaungana. Mwanamuziki Björk alikwenda nayo ziarani. Pale vitu vilivyo juu ya meza ndiyo muziki wenyewe!

MUSSA: Ala ya muziki, naikubali. Meza, bado.

ZUHURA: Na madaktari? Wanafunzi wa udaktari wanasimama kuizunguka Anatomage, mwili wa mtu kwenye skrini, kwa ukubwa wake halisi. Wanaukata kwa kidole, wanaurudisha ulivyokuwa, wanaukata tena.

MUSSA: Hiyo si meza, Zuhura. Hicho ni kitanda.

ZUHURA: Aa! Kila inayofanya kazi unaivua umeza!

MUSSA: Kwa sababu kila unayonitajia inafaa siku ilipoacha kuwa meza.

ZUHURA: Siafiki. Mwaka 2001, maabara za Mitsubishi kule Marekani zilitoa DiamondTouch. Ukigusa meza, ishara inapita mwilini mwako mpaka kwenye kiti ulichokalia, kwa hiyo meza inajua aliyegusa ni wewe au ni mimi. Wale walikuwa wanawaza watu wanne wameketi, wanatazamana. Kompyuta nyingine zote zinatugeuza uso. Hii inatukalisha pamoja.

MUSSA: Kukaa pamoja kulikuwepo kabla ya umeme.

ZUHURA: Wale watoto wawili hawakujuana!

MUSSA: Uwape mpira, watajuana.

ZUHURA: Sikubali, na nitakuja tena na hili.

MUSSA: Njoo nalo. Mimi sihami.

ZUHURA: Tulikuwa tumeahidi mambo matatu ya kuangalia kabla shule au maktaba haijanunua.

MUSSA: Tuna dakika moja. La kwanza lilikuwa maandishi yageuke kumfuata msomaji...

ZUHURA: Acha, tutayaharibu kwa haraka.

MUSSA: Basi niambie moja tu. Mama mwishowe kikombe alikiweka wapi?

ZUHURA: Alikishika. Mkono mmoja kikombe, mwingine anavuta fuvu. Hakuondoka pale dakika ishirini.

MUSSA: Kwa mkono mmoja.

ZUHURA: Dakika ishirini, Mussa.